MAJI YA TANA YALITUPITA, JUA LISITUPITE

Ndugu wafanya kazi,

Safari hii hatuandiki juu ya saa za ziada wala juu ya nyumba za landi. Twaandika juu ya jua. Wako watakaocheka na kusema: chama kimekosa la kudai, sasa chadai jua. Wacheke, lakini wasome mpaka mwisho.

Sisi tuandikao haya ni watu wa Siakago na vijiji vyake, tuliokwenda mbali kutafuta kazi ya reli. Reli haikufika kwetu. Sisi ndio tuliyoifuata. Kila mwisho wa mwezi twatuma fedha nyumbani. Katika fedha hizo iko sehemu ambayo hailiwi, haivaliwi, wala haimsomeshi mtoto. Sehemu hiyo huenda kwa mafuta ya taa, au kwa tokeni za mita, au kwa malipo ya kila siku ya taa ya sola. Shilingi iliyotolewa jasho kwenye gengi, chini ya mataruma na kokoto, ikiliwa na koroboi huko nyumbani, ni sawa na mshahara uliokatwa. Kwa hiyo jambo hili ni jambo la mshahara. Tena ni jambo la ardhi, na ardhi ni jambo la amani. Ndiyo sababu twaliandika katika karatasi ya chama.

YALIYOTUPATA KWA MAJI

Kabla ya kusema juu ya jua, na tukumbuke maji, kwa kuwa asiyekumbuka alivyopigwa mara ya kwanza atapigwa pale pale mara ya pili.

Mto Tana wapita mpakani mwetu, upande mmoja Mbeere, upande wa pili Ukambani. Katika mto huo serikali ilijenga mabwawa matano. Kindaruma ilimalizika mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, na Kiambere 1988. Mitambo yake leo yaweza kutoa karibu megawati 600: Gitaru peke yake 225, Kiambere 168, Kamburu 94, Kindaruma 72, Masinga 40. Kwa miaka mingi mabwawa hayo ndiyo yaliyokuwa uti wa mgongo wa stima ya Kenya nzima. Viwanda vya Nairobi vilizunguka kwa maji ya Tana. Kutoka Kiambere waya mkubwa wa volti 220,000 ulivutwa mpaka Rabai, ili Mombasa nayo ipate.

Hatusemi ilikuwa vibaya Nairobi na Mombasa kupata stima. Wenzetu wanafanya kazi huko, na sisi wenyewe twakaa huko. Lakini twauliza: wale waliohama ili maji yakae, walipata nini? Kwa bwawa la Kiambere peke yake maelfu ya watu waliacha mashamba ya kando ya mto, mashamba yenye rutuba kuliko yote katika nchi kavu, wakaenda kutafuta mahali pengine kwa fidia ambayo haikutosha kununua ardhi ya namna ile. Nguzo kubwa za chuma zikasimama katika mashamba ya ndengu na mtama. Waya ukapita juu ya vichwa. Chini ya waya, mama akawasha koroboi.

Siakago mjini stima ipo. Mahakama inayo, maduka yanayo, ofisi za serikali zinazo. Lakini toka mjini, fuata njia ya kwenda Ishiara au njia ya Kiritiri jioni, uhesabu nyumba zenye mwanga na nyumba zenye giza. Usihesabu kwa kitabu cha ofisi, hesabu kwa macho yako.

Sisi watu wa reli twalijua jambo hili tangu zamani. Reli ya kutoka Mombasa mpaka ziwani ilijengwa kati ya mwaka 1896 na 1901. Haikujengwa kwa ajili ya watu waliokaa kando yake. Ilipita katika malisho yao na makaburi yao, na treni ikapita bila kusimama. Waya wa Tana ni reli ya pili: mzigo wapita, sisi twabaki kuutazama.

STIMA SAFI SI LAZIMA IWE STIMA YA HAKI

Sasa mabwana wakubwa wamegundua jua. Magazeti yajaa maneno: nguvu safi, nguvu isiyo na moshi, nguvu ya kuokoa dunia. Sisi twakubali kwamba jua ni safi. Lakini usafi wa moshi ni jambo moja, na usafi wa mikono ni jambo lingine.

Tazameni Kinangop. Huko kampuni ilitaka kusimamisha mitambo ya upepo ya megawati 60 na zaidi. Upepo ni safi kama jua. Lakini watu hawakukubaliana juu ya ardhi na fidia, wala hawakuona kwamba waliulizwa ipasavyo. Mwaka 2015 yakatokea maandamano na fujo, na mtu mmoja akapoteza maisha yake kwa risasi. Mwaka 2016 kampuni ikaacha kazi hiyo. Basi nani alifaidika? Mwenye shamba hakupata stima, kampuni haikupata faida, na mama mmoja alimzika mtoto.

Tazameni tena Marsabit, karibu na Ziwa Turkana. Huko ilisimamishwa mitambo ya upepo 365, ya megawati 310, ikafunguliwa kwa shangwe mwaka 2019. Ardhi iliyochukuliwa ni ekari 150,000, na ilikuwa malisho ya wafugaji. Wenyeji wakaenda mahakamani, na kesi ikaamuliwa papa hapa kwa jirani zetu Meru. Mwezi wa Oktoba 2021 majaji wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru walisema kwamba hati za ardhi ile zilipatikana bila kufuata sheria. Kumbukeni, ndugu: mitambo ilikuwa imekwisha simama. Haki ilipofika, upepo ulikuwa umekwisha uzwa.

Funzo ni moja. Upepo hauna mwenyewe, jua halina mwenyewe, lakini ardhi ya kuwekea mtambo ina mwenyewe. Hakuna mtu awezaye kuiba jua. Huiba kiwanja lilipoangukia.

Ndiyo sababu twasema mapema, kabla kigogo cha kwanza hakijapigwa. Kampuni ya KenGen imekwisha tangaza mpango wa kiwanda cha stima ya jua cha megawati 42.5 katika eneo la mabwawa yetu. Akili ya mpango huo ni nzuri, na twaieleza ili pasiwe na mtu wa kusema sisi ni wapinga maendeleo. Mwezi wa Juni 2009 ukame ulipunguza maji ya Masinga mpaka mtambo wake ukazimwa, na mwezi wa Agosti nchi ikaanza kugawiwa stima kwa zamu. Jua lile lile lililokausha bwawa lingaliweza kutoa stima. Ukiweka paneli kando ya bwawa, mchana unatumia jua na maji yanakaa. Usiku unafungulia maji. Waya mkubwa upo tayari, barabara ipo. Ni akili njema. Swali letu ni moja tu: je, mara hii mwanga utaanzia wapi? Utaanzia Nairobi tena, au utaanzia chini ya waya?

JUA LAWEZA KUFANYA NINI

Wako watakaodhani sola ni taa ndogo ya kuning'iniza juu ya meza. Na tupige hesabu, maana hesabu haina upendeleo.

Katika Kenya kila mita moja ya mraba ya ardhi hupokea kwa siku nguvu ya jua kama yuniti 4 hadi 6, yaani yuniti zile zile tunazonunua kwa tokeni. Paneli nzuri ya siku hizi hugeuza karibu sehemu moja katika tano kuwa stima. Basi mita moja ya paneli hutoa kama yuniti moja kwa siku. Yuniti moja yaweza kuwasha balbu arobaini za wati 5 kwa muda wa saa tano. Hiyo ni mita moja tu. Paa la shule moja la mabati ni mita ngapi? Paa la zahanati? Paa la ghala la ushirika?

Mbeere wengi walituita nchi ya ukame kama kututukana. Jua hilo tuliloambiwa ni laana yetu, leo ndilo mali.

Pampu ya jua yavuta maji kisimani bila lita moja ya dizeli. Maji yakiwa karibu, foleni ya ndoo yakwisha, na foleni ya ndoo ndiyo chanzo cha ugomvi mwingi wa wakati wa kiangazi, kati ya mke na mke, kati ya mwenye ng'ombe na mwenye shamba. Friji ya jua yahifadhi chanjo katika zahanati hata stima kubwa ikikatika. Tena hukatika: usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikuwa giza, hata kiwanja kikubwa cha ndege cha Nairobi. Siku hiyo zahanati yenye paneli zake na betri zake haikumngoja mtu wa Nairobi.

Tena iko kazi ya mashamba. Embe zetu za Mbeere huiva pamoja, mnunuzi huja na bei yake mfukoni, na zisizouzwa huoza chini ya mti. Kikaushio cha jua chafanya embe ingoje bei. Mwezi wa Mei 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi zilipiga marufuku muguka, na wakulima wetu walilala usiku mmoja wakiwa na zao, wakaamka hawana soko. Hatubishani hapa juu ya muguka. Twasema hivi tu: mtu mwenye zao moja huweza kunyimwa chakula kwa sahihi ya kalamu ya mtu asiyemjua. Mwenye maji ya pampu na kikaushio ana mazao matatu, na mwenye mazao matatu hatishwi upesi.

Hiyo ndiyo maana yetu tusemapo kwamba jua laweza kuleta amani. Amani haiji kwa balbu. Amani huja palipoondolewa sababu za ugomvi: kiu, njaa, deni, na kijana asiye na kazi. Balbu huonyesha tu kama zimeondolewa.

MAJIBU KWA WANAOTUPINGA

Wa kwanza husema: ngojeni, stima ya serikali yaja. Ni kweli, mwaka 2015 serikali ilipunguza malipo ya kuunganishwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, na nyumba nyingi za Kenya zikapata waya. Twashukuru. Lakini nyumba iliyo mbali na transfoma imengoja, na ingali ikingoja. Na yule aliyeunganishwa asiye na fedha ya tokeni ana waya mzuri wa kukalia ndege. Hatusemi tuchague kati ya waya na jua. Twataka vyote viwili, kama watu wa mjini wanavyopata maji ya bomba na matanki juu ya paa.

Wa pili husema: nunueni sola zenu wenyewe, mbona ni rahisi, mwalipa kidogo kidogo kwa simu. Ndugu, hapa ndipo tunapotaka mfungue macho. Tukubali kwanza kwamba taa hizo za malipo ya kidogo kidogo zimefukuza koroboi katika nyumba nyingi, na moshi wake machoni na kifuani mwa watoto. Hilo ni jema. Lakini hesabu yake iko wapi? Mtu akilipa shilingi 50 kila siku, kwa mwaka amelipa 18,250. Anayelipa kila siku ni maskini, anayelipa mara moja ni tajiri, na tajiri hununua kwa bei ya chini. Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani katika duka la sukari na chumvi, na sasa ndivyo ilivyo katika duka la jua.

Tena chombo chenyewe kina kufuli ndani. Usipolipa, mtu aliye mbali hukizima. Mama wa mwenzetu mmoja wa gengi alizimiwa taa usiku wa matanga ya mumewe, waombolezaji wamejaa uani, kwa sababu malipo yalichelewa siku chache za msiba. Kampuni hatuitaji jina, maana shida si kampuni moja, shida ni mtindo. Jua lilikuwa limechaji betri ile mchana kutwa. Nguvu ilikuwamo ndani. Mama alikaa gizani na stima yake mwenyewe mezani. Twauliza: hiyo ni biashara ya taa, au ni biashara ya giza?

Wa tatu husema: serikali ina mpango wa sola kwa walioachwa nyuma. Kweli, uko mpango mkubwa wa sola kwa sehemu zilizo mbali na waya, uliopewa mkopo wa dola milioni 150 na Benki ya Dunia mwaka 2017. Umewekwa kwa kaunti 14: Turkana, Marsabit, Garissa, Tana River, Kwale na nyinginezo. Hatuwaonei wivu wenzetu hao. Giza lao ni kubwa kuliko letu. Lakini Embu haimo. Kaunti huhesabiwa nzima nzima. Mashamba ya chai ya mlimani na ukame wa Muminji hutiwa katika gunia moja, kisha gunia hupimwa, na husemwa gunia ni zito, halihitaji msaada. Mbeere hupotea ndani ya gunia. Twataka tupimwe kwa kata, si kwa kaunti.

Wa nne ni baadhi ya wenzetu wa reli wenyewe. Wanasema: mashine za jua zitakuja hata relini, na kazi yetu ya dizeli itakwisha. Ndugu, hofu hiyo twaielewa. Injini za mvuke zilipoondoka, wapasha moto waliondoka nazo. Lakini mashine haikuwafukuza. Waliofukuza ni watu walioketi mezani bila mfanya kazi. Wenzetu wa Tanzania walianza mwaka 2024 kuendesha treni ya umeme kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma, na treni ile yataka dereva, gadi, fundi wa waya na mtu wa gengi. Mabadiliko yatakuja hata tukifumba macho. Afadhali tuyakute tukiwa kwenye meza, tukiwa na karatasi ya madai mkononi.

SHERIA YASEMAJE

Hatuombi sadaka. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 69, yaiagiza serikali ihakikishe faida za mali ya asili zinagawanywa kwa haki. Kifungu cha 43 chatoa haki ya maji safi, ya afya na ya elimu. Mambo hayo matatu hayawezi kufanyika vizuri gizani.

Tena Sheria ya Nishati ya mwaka 2019, katika habari ya mvuke wa ardhini kama ule wa Olkaria, imeweka hesabu wazi: katika ada inayolipwa, serikali kuu asilimia 75, kaunti 20, na wenyeji wa mahali penyewe 5. Ni kidogo, lakini imeandikwa, na kilichoandikwa hudaiwa. Kwa maji ya Tana sheria hiyo haikuandika hesabu kama hiyo, wala kwa jua. Mswada wa kugawana faida za mali ya asili uliletwa Seneti mwaka 2014, ukaletwa tena 2018, ukaletwa tena 2022. Mswada huo umesafiri kuliko treni ya mizigo.

Sheria hiyo hiyo ya 2019 yamruhusu mwenye paneli zake kuingiza stima inayozidi katika waya wa taifa na kuhesabiwa. Basi kwa nini shule, ushirika au soko la Siakago lisiwe muuzaji, badala ya kuwa mnunuzi tu milele? Mlango upo. Anayeujua mlango huo leo ni mwenye kiwanda na mwenye hoteli, kwa kuwa ana wakili. Sisi wakili wetu ni chama.

Na kodi nayo tuitazame. Mwaka 2020 msamaha wa kodi ya VAT kwa vyombo vya jua uliondolewa, bei ikapanda. Mwaka 2021 ukarudishwa. Kalamu iliyofanya mara moja yaweza kufanya tena. Bei ya taa ya mama wa Kanyuambora haifai kupandishwa na kushushwa kama bendera.

FUNDI NI NANI

Liko jambo moja ambalo wenye maneno ya nguvu safi hawalitaji kabisa, nalo ni mfanya kazi. Paneli haijiwashi yenyewe. Yuko mtu aliyeiunganisha kiwandani. Kenya kuna kiwanda cha paneli Naivasha tangu mwaka 2011. Yuko mtu aliyepanda juu ya paa la bati saa sita mchana. Yuko anayebeba betri. Yuko kijana wa bodaboda anayeuza taa kijijini kwa kamisheni, bila mshahara, bila likizo, bila bima, na akianguka na pikipiki hakuna ofisi inayomjua.

Kanuni za mwaka 2012 zataka fundi wa sola awe na leseni. Ni vizuri, maana waya mbaya huunguza nyumba. Lakini leseni yataka mafunzo, na mafunzo yataka karo. Kijana wa Siakago akishindwa karo, fundi atatoka mjini, atafunga paneli, atarudi mjini na fedha. Ikiharibika, itakaa imeharibika. Nyinyi wenyewe mmeona majengo ya umma yenye paneli juu ya paa, zimejaa vumbi, betri imekufa, na hakuna aliyeachiwa kazi ya kuitunza. Kazi isiyo na mtunzaji ni kama reli isiyo na gengi: mwaka wa kwanza treni yapita, mwaka wa tatu yaanguka.

Kwa hiyo twawaambia vijana wa sola: ingieni katika umoja. Sisi wa reli tulijifunza zamani. Mwezi wa Januari 1947 Mombasa, makuli wa bandari, watu wa reli na wafanya kazi wengine, kiasi cha watu 15,000, waliacha kazi pamoja. Hawakuwa na simu za mkononi wala gari. Walikuwa na neno moja. Na juzi tu Lamu, watu walisimama pamoja dhidi ya kiwanda cha makaa ya mawe cha megawati 1,050, na mwezi wa Juni 2019 baraza la rufani za mazingira likaifuta leseni yake. Hawakutupa jiwe. Walisimama, wakashika sheria, wakashinda. Hivyo ndivyo haki na amani zinavyotembea pamoja. Anayetaka amani bila haki anataka tunyamaze tu.

TUNAYODAI

Twayaweka hapa wazi, ili asiwepo wa kusema hakusikia.

1. Kiwanda chochote cha jua kitakachowekwa katika eneo la mabwawa, wenyeji waulizwe kwanza katika baraza, kwa lugha wanayoielewa, na hati za ardhi zikaguliwe kabla ya kazi kuanza, si baada yake.

2. Faida ya maji ya Tana na ya jua iandikwe katika sheria kwa asilimia, kama ilivyoandikwa ya mvuke wa ardhini, na fungu la wenyeji lisipungue lile.

3. Vijiji vilivyo chini ya waya mkubwa viwe vya kwanza kuunganishwa, ama kwa waya, ama kwa mtambo wa jua wa kijiji.

4. Kila zahanati, kila shule na kila kisima cha umma katika Mbeere kiwe na paneli zake, pamoja na fedha ya betri mpya na mshahara wa fundi mmoja wa kuzitunza.

5. Kampuni za malipo ya kidogo kidogo ziandike bei yote mbele ya mnunuzi kabla hajatia kidole, na zisizime taa ya nyumba yenye msiba au mgonjwa.

6. Vyuo vya ufundi vifundishe kazi ya sola, wasichana na wavulana, kwa karo ambayo mkulima wa ndengu aweza kuilipa.

7. Wanaouza na kufunga sola wapewe barua ya kazi, bima, na uhuru wa kujiunga na chama.

Ndugu, madai haya saba si makubwa. Makubwa ni yale tuliyokwisha toa: mto, mashamba ya kando yake, na miaka zaidi ya hamsini ya kungoja tangu Kindaruma ifunguliwe. Wazee wetu waliambiwa: toeni ardhi, mwanga utakuja. Walitoa. Wengi wao walizikwa kwa mwanga wa kandili.

Shuleni misheni tulifundishwa kwamba jua halikuumbwa kwa ajili ya mtu mmoja. Hatukufundishwa kwamba siku moja litapimwa, litafungiwa ndani ya sanduku, na kuuzwa kwa siku. Kama litauzwa, basi sisi tulioungua nalo maisha yetu yote tuwe na sauti juu ya bei. Kama litajengewa kiwanda, basi kiwanda kiwe na jina letu katika hati. Na kama litaleta mwanga, basi mwanga uanzie mahali palipokaa gizani muda mrefu.

Kila tawi lisome karatasi hii katika mkutano ujao. Wanachama wanaokwenda nyumbani likizo Siakago, Ishiara, Kiritiri na Riandu wachukue nakala, wawasomee wazee na akina mama barazani, na waandike yale watakayoambiwa. Msilete sifa kwa chama. Leteni hesabu: nyumba ngapi zina giza, kisima gani hakina pampu, paneli gani imekufa, nani alizimiwa taa. Hesabu hizo ndizo tutakazokwenda nazo kwa mbunge, kwa gavana na kwa KenGen.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini ngumi imeundwa kwa vidole vile vile.

Ni sisi wenzenu wa reli, watu wa Siakago.